Nimeshuka Uluguru Jumamosi, leo hata kuchuchumaa siwezi. Naombeni ushauri

Binti wa Moro, Jumatatu asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi.

Jumamosi tulipanda na wenzangu kutoka Morogoro mjini hadi Morningside, huko milima ya Uluguru, pale kwenye jengo la zamani la Wajerumani. Mimi si mtu wa mazoezi, kutwa nakaa dukani. Kupanda nilihema sana ila nilifika. Kushuka ndiko nilikofurahia, tukawa tunateremka karibu mbio huku tunacheka. Nyumbani nilifika nimechoka tu, sina maumivu popote.

Jumapili nikaamka mapaja yamekaza. Kufika jioni yanauma, na leo ndiyo balaa. Ngazi nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Choo chetu ni cha kuchuchumaa: alfajiri nimeng'ang'ania kitasa cha mlango kwa mikono miwili ndipo nikaweza kushuka, na kuinuka nikamwita mdogo wangu. Nikibonyeza paja juu kidogo ya goti nasikia maumivu makali, ila goti lenyewe haliumi.

Je, kuna kitu nimekichana? Nilale au nitembee? Na Jumamosi hii wenzangu wanataka turudi tena.

Mzee wa Kijiwe

Pole mjukuu wangu. Hiyo ni asidi imeganda kwenye misuli. Kamua ndimu kwenye maji, kunywa asubuhi na jioni, itayeyuka.

Mchua Viungo

Shikamoo mzee. Naomba nikusahihishe kwa heshima, maana hata sisi chuoni tulianza na imani hiyo hiyo. Ile asidi huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya mtu kupumzika. Haiwezi kumuuma Jumatatu kwa mlima wa Jumamosi.

Dada, kilichokuumiza ni kule kushuka. Ukiteremka, misuli ya mbele ya paja inakuwa breki: inakaza ili usianguke, na wakati huo huo inavutwa irefuke. Hatua moja si kitu, lakini wewe umepiga maelfu, tena mbio. Nyuzi ndogondogo za misuli zinachanika, mwili unapeleka damu na maji kuzitengeneza, ndipo unapata uvimbe na ule ugumu. Maumivu haya huanza baada ya saa 12 hadi 24, hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na ndani ya wiki huwa yamekwisha. Kwa hiyo kesho ikiuma bado, usiogope.

Usishinde kitandani. Tembea taratibu dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni, mahali tambarare. Hatua za kwanza zitauma, kisha utaona miguu inalegea. Usijinyooshe kwa nguvu, misuli imeshachanika, kuivuta zaidi hakuitibu. Lala vya kutosha na usiache maharage, mayai au dagaa, misuli inajengwa kwa vyakula hivyo.

Mama Pacha

Pole mwanangu. Wanangu wanacheza mpira, kazi hii naifanya kila Jumapili. Tia mafuta ya nazi kwenye kibakuli, kizamishe kwenye maji ya moto mpaka mafuta yapate uvuguvugu. Kaa, nyoosha mguu juu ya mto. Anza na kitambaa cha maji ya moto juu ya paja, ukikibadilisha kikipoa, halafu chua kwa kiganja kizima kutoka gotini kwenda juu, polepole. Asije mtu akakukamua kwa vidole gumba eti anatoa mafundo. Mwanangu mmoja alikamuliwa hivyo, akaamka na paja lina michubuko.

Saidi wa Ilala

Kwa nini mnamtesa? Duka la dawa wanauza diklofenaki, meza mbili, kesho unakimbia.

Mchua Viungo

Kaka, hapana. Dawa hizo zinakwaruza tumbo, na mtu aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha zinaweza kumuumiza figo. Kama usingizi hauji, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inatosha.

Asiyesahau

Dada, mkojo wako una rangi gani? Nauliza kwa sababu yalinikuta. Siku ya kwanza ya mazoezi ya uzito, mwalimu alinichuchumisha mpaka miguu ikatetemeka. Siku ya tatu mapaja yakawa magumu kama ubao, na mkojo ukatoka kama chai ya rangi. Nikadhani ni maji tu nimepunguza. Kumbe misuli ilivunjika kupita kiasi, mabaki yake yakaingia kwenye damu na kuanza kuzielemea figo. Nililazwa siku nne na dripu mkononi. Mkojo ukiwa mweusi, au miguu ikivimba na kuishiwa nguvu kabisa, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Binti wa Moro

Nimetoka kuangalia sasa hivi, ni njano ya kawaida. Asante sana kaka, nisingewaza kabisa.

Mpagazi

Mimi nabeba mizigo Kilimanjaro, njia ya Marangu. Wageni wanafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na siku hiyo hiyo wanashuka hadi kambi ya Horombo, mita 3,720. Wengi hulia siku ya kushuka, si ya kupanda. Ukirudi mlimani shika fimbo, piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, na kwenye mteremko mkali kata kushoto na kulia. Ukisikia miguu inakuvuta ukimbie, simama. Halafu misuli inajifunza: ukirudi baada ya wiki mbili hivi, mteremko ule ule hautakuuma kama mara ya kwanza.

Binti wa Moro, Alhamisi jioni

Mrejesho. Jumanne iliuma kuliko Jumatatu, kama nilivyoambiwa. Nilitembea hadi soko la Kingalu na kurudi, jioni mdogo wangu akanichua kwa mafuta ya nazi. Jana ngazi nimeshuka nikitazama mbele. Leo nimechuchumaa na kuinuka bila kugusa kitasa, ila nikibonyeza juu ya goti bado nasikia kidogo.

Wenzangu nimewaambia Jumamosi hii siendi, tusogeze mbele wiki moja. Fimbo nimeshaipata. Mama Pacha, mafuta nipashe kila siku au nipumzishe?

Mama Pacha

Leo na kesho, mwanangu. Kisha yaweke ya safari ijayo.