Tupeane uzoefu: likizo ndefu ya kiangazi ukiwa na miaka 15, upo nyumbani na familia

#1 (mleta mada)
Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya zamani, nikakuta daftari nililokuwa naandika nikiwa na miaka 15, likizo ndefu. Nikakaa palepale sakafuni kulisoma. Siku 11 zina sentensi moja tu: "Leo hakuna kitu."

Nyingine fupi vilevile inasema: "Baba kaniudhi. Feni imepona." Basi. Lakini hiyo naikumbuka yote. Joto limetukalia, baba kaifungua feni chini, mimi nimeshika tochi. Aliyewahi kumshikia baba yake tochi anaijua hiyo kazi: ukimulika kulia, kumbe ilitakiwa kushoto, ukiangalia pembeni kidogo tu, "Mimi nitengeneze gizani?" Skrubu ikadondoka, ikabingirika hadi chini ya kabati. Aliyeidondosha ni yeye, aliyelaumiwa ni mimi. Nikaipata kwa kupapasa, nimelala kifudifudi, vumbi hadi puani. Feni ilipozunguka, baba akakaa mbele yake, halafu akasogea kidogo upande mmoja. Hakuniita. Alisogea tu, nami nikaenda kukaa.

Sasa nina wangu wa miaka 15. Hapa ninapoandika ni saa sita mchana na bado kalala. Ushauri wa malezi sitaki, ninao wa kutosha kutoka kwa mama yake. Nataka visa vya siku za kawaida, nyumbani, mkiwa na umri huo. Za safari na mapicha wekeni uzi mwingine.

#2
Mkuu, mwache mtoto alale hahaha. Mama yangu alikuwa hasemi neno. Anaingia, anavuta pazia kwa mkupuo mmoja, anatoka. Jua lote usoni. Nimeitwa mvivu mpaka mwenyewe nikaamini.

Nilipokuja kusomea unesi ndipo nikaelewa: ukibalehe, saa ya mwili inachelewa. Melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, kwa kijana huanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo. Na usingizi anaohitaji ni saa 8 hadi 10. Sasa aliyelala saa nane usiku, piga hesabu mwenyewe. Nikaenda kwa mama na elimu yangu, nikamweleza yote, akanisikiliza vizuri tu. Kisha akaniuliza, "Na vile vyombo navyo vilikuwa na homoni?"

#3
Mnaongelea kulala! Mimi ni kifungua mimba, wa kike, wazazi wote kazini. Likizo kwangu ilikuwa wadogo watatu kuanzia asubuhi hadi jioni. Wenzangu wanapita nje wanaongea kwa sauti makusudi ili nisikie, mimi naamua ugomvi wa nani kakalia mto wa nani.

Siku moja nikachoka. Nikajifungia chumbani na kitabu, nikasema kurasa kumi tu. Ukurasa wa sita nasikia kishindo, halafu kimya. Kelele za watoto hazitishi, kinachotisha ni kimya. Mdogo wangu wa mwisho kaanguka na baiskeli ya kaka yake, kidevu kimepasuka. Nikamsafisha, nikamfunga kitambaa, tukakubaliana: ukiulizwa, umejikwaa mlangoni. Akaapa.

Mama hajaweka hata mkoba chini: "Mama, mimi sijaanguka na baiskeli!"

Kovu analo mpaka leo na kila tukikutana anasimulia upya. Mara ya mwisho nilikuwa nimesoma kurasa mia mbili.

#4
Niliandika barua ya mapenzi, nikaificha chini ya godoro. Mdogo wangu akaisoma mezani mbele ya familia nzima, tena kwa hisia. Baba akasahihisha tahajia. Sina la kuongeza.

#5
Nina kimoja sijawahi kukisimulia.

Nilikuwa na miaka 14. Nilianza likizo na sauti ya kitoto, katikati ya likizo ikapasuka, mwishoni nikawa naongea kama mzee. Nyumbani kulikuwa na simu ya mezani, na watu wakaanza kunichanganya na baba. Mwanzoni nilifurahia mno. Mtu anasema "shikamoo", naitikia "marahaba" kwa utulivu kabisa, kisha naweka simu nacheka peke yangu.

Mchana mmoja ikaita, nikapokea kwa ile sauti yangu mpya. Mtu hakusalimia. "Ndugu yangu, tumetoka mbali mimi na wewe, lakini huu mwezi wa tatu. Mimi nami nina watoto." Ningesema mimi siye. Sikusema. Akaendelea kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kushindwa kujitoa. Mwisho akauliza, "Ijumaa, basi?" Nikasema, "Sawa, Ijumaa."

Nikaweka simu, nikabaki nimesimama. Wiki ile nilikuwa nimenuna kwa sababu ya viatu. Nilikuwa nimemwambia baba, mbele ya wadogo zangu, kwamba yeye hatujali sisi.

Sikumwambia mtu. Ijumaa nikashinda dirishani. Jioni yule bwana akaja kweli, nikamsikia baba pale mlangoni, "Nani kakwambia Ijumaa?" Na yule: "Wewe mwenyewe, kwenye simu." Kukawa kimya. Kisha baba akasema, "Ah, kweli. Nilisahau." Wakatoka nje, wakaongea muda mrefu. Aliporudi alinitazama, akatoa kofia, akaitundika, akasema, "Sauti imekuwa nzito." Akapita kwenda ndani.

Viatu sikuvitaja tena.

#6
Shikamooni. Mimi nina miaka 16 na hiyo likizo ndiyo nipo nayo sasa hivi, kwa hiyo sijui kama naruhusiwa. Rafiki zangu wamesafiri, kwenye kundi letu wanatuma picha, mimi natuma vibonzo ili nisionekane kimya. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni tuna alama za kalamu za urefu wangu tangu utotoni. Mwaka huu mama alipandia stuli kuniwekea alama. Tulicheka. Halafu usiku nikaanza kuwaza, kumbe zamani alikuwa anainama.

Sasa ananiita kila saa nimshushie vitu vya juu kabatini. Vingine nina hakika anaviweka huko mwenyewe.

#1 (mleta mada)
#6 karibu sana, umeruhusiwa kuliko sisi wote. #4, pole, na mpe baba hongera zake.

#5, nimesoma mara mbili. Mliwahi kuliongelea na mzee?

#5
Hapana mkuu. Ila kuanzia siku ile, simu ikiita, nikipokea nilikuwa naanza kwa kutaja jina langu.