Nairobi mpaka New York masaa 15 hewani: tupeane uzoefu

Kifungua Mimba: Jana usiku nimepeleka mathe Embakasi anaenda kuona mjukuu. Kwa tiketi ameona kutoka 23:25, kufika 06:25, akaniambia "kumbe masaa saba tu, hata basi ya Mombasa inakaa zaidi." Ikabidi nimweleze huko wako nyuma yetu masaa nane msimu huu wa baridi, so ni masaa 15, kilomita kama 11,800 bila kushuka. Akanyamaza, halafu akauliza, "Na choo?" Wenye mshaenda, semeni.

Mtoto wa Dandora: Choo kiko. Foleni pia iko.

Shangazi Mkali: Mimi nilienda 2019, hiyo ya moja kwa moja ilikuwa imeanza tu Oktoba 2018. Masaa nane ya kwanza ni sawa, umekula umelala, sasa ukiamka uangalie ile ramani ya kwa skrini, kandege kako juu ya Atlantiki, unafunga macho kama lisaa hivi, ukifungua hakajasonga hata ukucha. Miguu ilifura viatu vikakataa kuingia. Nilishuka kwa hiyo baridi na malapa.

Bado Niko Pipeline: Hiyo ya viatu ni kweli kabisa.

Fundi wa Simu: Kurudi ni kama 14 tu. Lakini dunia si inazunguka kuelekea mashariki? Kwenda ndio ingekuwa haraka, mmechanganya.

Makanga Mstaafu: Hewa inazunguka nayo, buda. Huko juu kuna upepo mkali wa kutoka magharibi, ukienda unakupiga uso, ukirudi unakusukuma mgongo.

Fundi wa Simu: Wewe ni rubani?

Makanga Mstaafu: Nimening'inia kwa mlango wa matatu miaka kumi na mbili. Upepo naujua.

Tarehe 14: Nyinyi mnalilia miguu. Tiketi yangu ilikuwa 00:35 tarehe 14. Mimi nikaambia watu naenda tarehe 14 usiku. Mchana tukachinja mbuzi, mjomba akatuombea kwa Mungu nusu saa, jioni tukajaa kwa matatu ya kukodi, jam ya Mombasa Road nikitoa jasho tusichelewe. Dada wa kaunta akaangalia pasi, akaangalia kompyuta, akaniuliza pole pole, "Jana ulikuwa wapi?" Ndege ilikuwa imeenda masaa ishirini na moja yaliyopita, na wasindikizaji bado wananipungia mikono huko nje. Nikarudi nao kwa matatu ile ile.

Bado Niko Pipeline: JANA ULIKUWA WAPI 😂😂😂

Shangazi Mkali: Ulilipa tena?

Tarehe 14: Faini na nyongeza ya nauli. Pesa ngapi usiniulize, bibi yangu ako humu.

Mtoto wa Dandora: Mathe anywe maji mengi.

Makanga Mstaafu: Akikaa dirishani asinywe, ataamsha watu wawili kila saa.

Shangazi Mkali: Anywe na atembee! Na soksi za kubana.

Fundi wa Simu: Si angepitia Doha, masaa tano anyooshe miguu.

Bado Niko Pipeline: Halafu alale kwa benchi huko akingoja ile ingine, sivyo?

Kifungua Mimba: Amefika wadau. Anasema hajawahi kuona usiku mrefu hivyo, alingoja kuche mpaka akachoka. Choo alienda mara mbili.