Hilux ya kubebea samaki: nifunge plastiki kwenye fenda za nyuma?

Pweza Mkavu:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux Vigo ya 2011, dabo kabini. Inabeba samaki na pweza wa barafu kutoka Kilwa Masoko hadi Nangurukuru, wiki nyingine inanyoosha mpaka Liwale. Njia ya Liwale mnaijua, kiangazi vumbi na changarawe, masika matope. Mbele ina zile plastiki nyeusi za kiwandani ndani ya fenda. Nyuma ni bati tupu, kila jiwe linalorushwa na tairi nalisikia. Sasa rangi imeanza kuvimba ukingoni juu ya tairi, pande zote mbili. Kuna fundi anataka 280,000 anichongee plastiki za nyuma azifunge kwa skrubu. Nifunge, au ndiyo nitakuwa nimeitupa hela?

Suka wa Masika:
Funga mkuu, usiulize mara mbili. Mimi nimefunga kwenye pikapu ya shamba, kelele za mawe zimepungua sana na bati halijakwanguka tena.

Nyundo na Bati:
Suka, wewe unabeba mahindi, mwenzio anabeba bahari. Pweza, maboksi yako yanavuja?

Pweza Mkavu:
Moja limepasuka kona. Barafu ikiyeyuka maji yanatiririka kwenye bodi, yanajitafutia njia ya kutokea.

Nyundo na Bati:
Na njia yenyewe ndiyo hapo panapovimba. Jiwe hukwangua rangi upande unaotazama tairi. Yako inavimba upande wa nje, bati linaliwa kutokea ndani. Pale ukingoni mabati mawili yamekunjwa pamoja, tope likishalowa maji ya chumvi likajibana mle, halikauki leo wala kesho. Ukifunika na plastiki hutaliona tena. Na kila tundu la skrubu atakalotoboa huyo fundi ni mlango mpya wa kutu. Pitisha kidole ndani ya ukingo utuambie unakuta nini.

Mama Tingo:
Kingine, pima nafasi ya tairi gari likiwa na mzigo kamili. Likiwa tupu kila kitu kinaenea. Springi zikilala, tairi linaanza kuitafuna plastiki. Yalinikuta.

Pweza Mkavu:
Nimepitisha kidole. Yametoka matope meusi na magamba ya kutu, makubwa kuliko ya samaki changu. Nimeishiwa nguvu.

Nyundo na Bati:
Hujachelewa kama halijatoboka. Badili boksi kwanza. Kila ukishusha mzigo piga maji baridi, yasiyo na chumvi, kwenye bodi na chini kwenye fenda, uyaelekeze ndani ya mkunjo. Halafu kwangua mpaka bati jeupe, dawa ya kutu, praima, rangi, kisha andasili, ile dawa nzito ya kukinga bati chini ya gari. Acha vitundu vya kutolea maji wazi, mafundi wengi huviziba kwa andasili. Plastiki weka mwisho kama mawe bado yanakukera, ila zishikwe kwenye matundu yaliyopo, chini paachwe wazi, na uwe unazifungua masika ikiisha.

Suka wa Masika:
Hapo kwa chumvi nimekubali. Yangu haijawahi kuonja bahari.

Pweza Mkavu:
Fundi wa plastiki nimemwambia asubiri. Kesho natafuta boksi.

Mama Tingo:
Ukishafika kwa fundi wa bodi, mwambie afungue na taa za nyuma. Mchanga hujificha mle pia.