Karonga: ilikuwaje ghala la pembe za ndovu likawa ngome ya kijeshi?

Mwalimu wa Rungwe aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada. Nafundisha Historia katika sekondari moja huku Tukuyu. Wanafunzi wangu hawapati taabu kuelewa boma la Iringa, kwa kuwa lilikuwa la askari tangu mwanzo: Wajerumani waliiteka Kalenga Oktoba 1894, na mwaka 1896 ofisa wao von Prince akaanzisha kituo kipya cha kijeshi huku Mkwawa akiendelea kuwindwa. Karonga, hapo ng'ambo ya mto Songwe katika Malawi ya leo, ilianza kama kituo cha biashara. Maelezo tuliyo nayo yanasema tu kwamba Waingereza walipigana na Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ili kukomesha utumwa, kisha yanaruka hadi ukoloni. Ni nini hasa kilichowafanya wenye duka washike bunduki?

Mwanasongwe alijibu:

Mwalimu, anzia kwenye pembe za ndovu. Kampuni ya African Lakes, iliyoanzishwa na Waskoti mwaka 1878 na kusimamiwa na ndugu wawili, John na Frederick Moir, iliweka kituo Karonga katika miaka ya 1880 kwa sababu hapo meli ndogo ya Ilala, iliyotoka kusini mwa Ziwa Nyasa, ilikutana na misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka bonde la Luangwa. Mlozi alikuwa mteja kabla ya kuwa adui. Tatizo ni kwamba kampuni ilikuwa na mtaji mdogo: pembe zilifika, lakini bidhaa za kulipia zilichelewa, na wafanyabiashara wakabaki jirani na kituo wakingoja haki yao. Msafara mkubwa haungoji bila kula. Wakajenga maboma ya miti yaliyokandikwa udongo, la Mlozi likiwa Mpata, na wakaanza kuwabana Wangonde wenye ardhi.

Mwaka 1887 Mlozi alijitangaza Sultani wa nchi hiyo, na Oktoba watu wake wakawaua Wangonde wengi huko Kambwe, karibu kabisa na kituo. Walionusurika walikimbilia kwa wakala wa kampuni, Monteith Fotheringham, naye hakuwafukuza. Novemba kituo chenyewe kikazingirwa. Kwa hiyo ghala liligeuka ngome kwa kulazimika, bila amri yoyote kutoka London.

Mdau wa Ipinda aliongeza:

Nakubaliana na Mwanasongwe, ila tusiwafanye Waskoti hao mashujaa wa peke yao. Bila wapiganaji kutoka kwa Wanyakyusa waliovuka kuja kuwasaidia ndugu zao Wangonde, sioni wazungu wachache wale wangehimilije. Pia, kukomesha utumwa kulikuwa hoja nzuri ya kuombea michango Uingereza, lakini kampuni ilikuwa ikipigania njia yake ya kwenda Ziwa Tanganyika, na bila njia hiyo isingekuwa na biashara kaskazini.

Vita vyenyewe vilikwenda vibaya. Mwaka 1888 kampuni ilimpa uongozi Kapteni Frederick Lugard, yule aliyekuja kutawala Nigeria, na Juni mwaka huo alijeruhiwa vibaya kwa risasi akishambulia boma mojawapo. Baadaye uliletwa mzinga mdogo, lakini makombora yalitoboa kuta zile za miti na udongo, yakapita upande wa pili, na ukuta ukabaki umesimama. Nadhani wanafunzi wako wataelewa zaidi kwa tukio hilo kuliko kwa orodha ya miaka.

Mwalimu wa Rungwe aliuliza tena:

Asanteni sana. Je, serikali yenyewe iliingia lini? Hadi hapo naona kampuni tu.

Mwanasongwe alijibu:

Iliingia kwa hatua. Oktoba 1889 Harry Johnston alifika kama konsuli na kufanya mapatano na Mlozi, mapatano ambayo kwa maoni yangu yalikuwa ya kuvuta muda kwa pande zote mbili. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka, Songwe ukawatenga Wanyakyusa na Wangonde, na mwaka 1891 utawala wa Kiingereza ukatangazwa rasmi upande wa Karonga. Desemba 1895 Johnston alirudi, safari hii akiwa na askari wa Kisingasinga, askari Waafrika na mizinga ya kutosha. Boma la Mlozi lilianguka, mwenyewe akakutwa amejificha katika chumba cha chini ya ardhi, akahukumiwa haraka na kunyongwa. Kuanzia hapo Karonga ilikuwa ya serikali.

Usiishie 1895, Mwalimu. Tarehe 9 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kutoka Neu Langenburg, yaani hapo hapo Tukuyu unapofundisha, kilivuka Songwe na kuishambulia Karonga. Kapteni Barton, kamanda wa Waingereza, alikuwa ameondoka na jeshi kubwa kuelekea mpakani, majeshi hayo mawili yakapishana njiani bila kuonana, na kituo kikabaki na walinzi wachache. Walishikilia kwa saa kadhaa hadi wenzao waliposikia milio na kurudi. Wajerumani walirudishwa nyuma wakiwa wamepoteza maofisa wao wengi, na kwa muda mrefu baada ya hapo hawakuwa na nguvu ya kuvuka tena upande huo.