Sura baada ya upasuaji wa mfupa wa shavu

Swali: Mdogo wangu alivunjika mfupa wa shavu katika ajali ya bodaboda, akafungwa vibamba vya titani (vipande vyembamba vya metali vya kushikilia mfupa) mwezi uliopita. Shavu bado limevimba na kovu chini ya jicho ni jekundu. Je, sura itarejea?

Jibu: Poleni. Uvimbe huisha taratibu kwa miezi kadhaa, hivyo ni mapema kuhukumu. Lakini jicho likizama ndani, au akiona vitu viwili viwili, arudi kwa daktari upesi, kwani huenda sakafu ya tundu la jicho, yaani mfupa mwembamba unaoshikilia jicho kwa chini, haikukaa sawa.

Jibu: Kovu hukomaa kwa takriban mwaka mzima. Kidonda kikishafunga kabisa, alikinge na jua kwa kofia pana na apake jeli ya silikoni. Krimu za kuchubua, zinazosifiwa kila duka la vipodozi, aziache.

Muulizaji: Ahsanteni. Vibamba vitatolewa?

Jibu: Kwa kawaida huachwa, isipokuwa vikilegea au vikipata maambukizi.