Mbwa aking'ata kwa mara ya kwanza, mwenye mbwa alipe au asamehewe?

Kalamu Kavu (mleta mada):
Wadau, shemeji yangu husoma mita za maji. Aligonga geti, dada wa kazi akamfungulia na kumwambia apite tu. Hajafika kwenye mita, mbwa akamrukia na kumchana paja. Mwenye nyumba alilipia sindano ya kwanza, halafu akagoma. Anasema mbwa wake hajawahi kumgusa mtu, na getini kuna kibao cha MBWA MKALI, kwa hiyo hadaiwi kitu. Naomba tulijadili kwa ujumla: sheria imbane mwenye mbwa kila mbwa wake anapong'ata, au mpaka ithibitike alijua kwamba ni hatari? Mimi nasema alipe. Asiyetaka kulipa afuge njiwa.

Sungusungu Mstaafu:
Hapo kwenye njiwa umetutukana wafuga mbwa wote kwa mkupuo. Mbwa analinda, ndiyo kazi yake. Angempokea kwa kutikisa mkia, mngesema mwenye nyumba anafuga pambo. Halafu mwanaume mzima kwenda mahakamani kulilia paja!

Mama Wawili:
"Mwanaume mzima" ndiyo hoja hiyo? Meno ya mbwa yanauliza jinsia kwanza? Kovu halichagui, na siku ambazo shemeji hakwenda kazini hazilipwi na ujasiri wako.

Sungusungu Mstaafu:
Mama, nimesema asililie paja, sijasema asitibiwe. Soma polepole.

Bwana Mifugo:
Kabla hamjashikana mashati: jeraha lilioshwa? Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, hata kama mbwa anaonekana mzima wa afya. Baada ya hapo hospitali, na ratiba ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikamilishwe. Sindano moja haitoshi. Jeraha likiwa la kina, daktari ataamua kama inahitajika pia dawa ya kingamwili inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo takribani 59,000 kwa mwaka vya kichaa cha mbwa, na karibu vyote vinatokana na mbwa. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Na mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe, aangaliwe siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya hapo, maana yake hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata.

Kitasa:
Asante daktari, ila tunajadili sheria. Mimi nilisoma mahali kwamba mbwa ana ruhusa ya kung'ata mara moja. Ya kwanza bure, ya pili unalipa. Uingereza wana sheria hiyo ya mwaka 1991.

Wakili wa Jioni:
Kitasa, umechanganya mafaili mawili. Ile ya 1991 ni ya mbwa hatari, ni jinai: faini, kifungo, mbwa kuuawa. Fidia ya kawaida iko kwenye sheria ya wanyama ya 1971. Na hakuna mbwa mwenye ruhusa ya kung'ata popote. Kanuni ya zamani ya mahakama za Kiingereza ilitaka mdai athibitishe kwamba mwenye mnyama alijua tabia yake ya hatari. Kung'ata mtu zamani ni ushahidi mmoja tu. Kama alikuwa akirukia wapita njia na mwenyewe anacheka, hiyo nayo inatosha kuonyesha alijua. Tena hata usipothibitisha kwamba alijua, mlango wa uzembe uko wazi: geti limefunguliwa, mgeni kaambiwa apite, mbwa hajafungwa.

Kwingine wamefuta mzozo huo kabisa. California, kifungu cha 3342 cha sheria yao ya madai kinambana mwenye mbwa hata kama mbwa alikuwa malaika hadi jana, mradi aliyeng'atwa alikuwa mahali pa umma au ameingia kihalali. Ujerumani, kifungu cha 833 cha sheria ya madai kinambana anayemfuga, ila kinampa nafasi ya kujitetea yule ambaye mnyama ni sehemu ya kazi yake na alichukua uangalifu unaotakiwa. Ufaransa, kifungu cha 1243 cha sheria ya madai kinasema unawajibika hata mnyama akiwa ametoroka.

Mama Wawili:
Kumbe! Kwa hiyo kule shemeji angeshalipwa.

Kitasa:
Kule ni kule. Mbona mmekiruka kibao? Ameonywa kwa herufi kubwa, akaingia. Huko ni kujitakia.

Mama Wawili:
Ameonywa na kibao, akakaribishwa na mtu. Wewe ungemwamini yupi? Na kibao chenyewe ndicho kinamkaanga. Huwezi kuandika MBWA MKALI getini halafu ukasimama mbele ya hakimu ukaapa kwamba hukujua mbwa wako ni mkali.

Kitasa:
Hiyo ni ujanja wa maneno. Kila mtu anaweka kibao, hata asiye na mbwa.

Wakili wa Jioni:
Kinakata kote kuwili. Kinaweza kusaidia kuonyesha mwenye mbwa alijua, na kinaweza kusaidia kuonyesha mgeni alijiingiza kwenye hatari kwa hiari. Mtu ambaye kazi yake inamtaka aingie, tena kafunguliwa geti, si rahisi kumwambia alijitakia. Angekuwa amemchokoza mbwa kwa fimbo, hapo fidia ingepunguzwa au kufutwa.

Sungusungu Mstaafu:
Sasa twende kwenye jambo la maana. Mwizi akiruka ukuta usiku, mbwa akamng'ata, naye alipwe? Kwa mantiki yenu nitamkatia hundi mtu aliyekuja kunivunjia nyumba.

Kalamu Kavu (mleta mada):
Mzee wangu, shemeji yangu ana kitambulisho na sare. Mwizi ametokea wapi?

Sungusungu Mstaafu:
Ametokea ukutani. Jibu.

Kitasa:
Swali zuri sana. Hapa ndipo watajificha.

Wakili wa Jioni:
Sijifichi. Ile ya 1971 ya Uingereza inasema aliyeingia bila ruhusa hawezi kumdai mwenye mnyama chini ya sheria hiyo, kama mnyama hakuwekwa pale kwa ulinzi, au kama aliwekwa kwa ulinzi na haikuwa jambo lisilo la busara kumweka. Mbwa uani ni kitu kimoja. Mbwa aliyefundishwa kurarua, kuachwa huru mahali ambapo watoto huruka kufuata mpira, hilo hakimu atalitazama kwa jicho lingine. Mwaka 1975 wakaongeza sheria ya mbwa wa ulinzi: kibao kila mlango, na mtu wa kumwongoza mbwa awepo au mbwa afungwe. Hiyo haigusi nyumba za kuishi.

Kitasa:
Kwa hiyo mbwa wa ulinzi afungwe. Afungwe! Alinde kwa maombi?

Bwana Mifugo:
Narudia, chanjo ya shemeji imekamilika? Na cheti cha chanjo ya mbwa kiko wapi? Hakuna aliyenijibu.

Kalamu Kavu (mleta mada):
Mbwa amefungwa, anaangaliwa. Cheti hatujaonyeshwa. Shemeji anaendelea na ratiba. Ila jana mwenye nyumba kaleta karatasi, anataka shemeji asaini kwamba wamemalizana, kisha ampe pesa kidogo.

Wakili wa Jioni:
ASISAINI. Akisaini leo na mwezi ujao jeraha likioza, karatasi hiyo itasomwa kwake. Akusanye picha za jeraha za kila hatua, ripoti ya daktari, risiti zote, barua ya mwajiri ya siku alizokosa kazi, na maelezo ya dada wa kazi kabla hajahamishwa. Aulize pia mwajiri wake: ameumia akiwa kazini, kwa hiyo huenda ana haki ya fidia ya wafanyakazi bila kubishana na mbwa wa mtu yeyote. Na asikae sana. Madai ya kuumia yana ukomo: California miaka 2, Uingereza miaka 3.

Sungusungu Mstaafu:
Mnaona? "Risiti zote." Mbwa kauma mara moja, wakili anauma kila mwezi.

Mama Wawili:
Mzee, ameandika jambo la mwajiri ambalo lingemaliza ugomvi wote huu, wewe umeona risiti tu.

Kitasa:
Mimi bado niko kwenye mwizi. Watoto wa mpira mmewachomeka ili mwizi apite nyuma yao. Na huyo mwizi atapata wapi hela ya wakili?

Wakili wa Jioni:
Marekani mawakili wengi wa madai haya hawadai kitu mwanzoni, wanachukua sehemu ya fidia wakishinda, mara nyingi theluthi.

Kitasa:
Ndiyo maana mnawatetea! Theluthi ya mwizi!

Wakili wa Jioni:
Wewe mbwa wako akimng'ata mtu njoo, nitakutetea pia. Ila wewe utalipa kwanza.