Mrejesho: nimeishia na bunduki ya 7mm-08

Wakuu, salaam. Mwezi wa tisa niliwauliza nichukue bunduki ya .308, .270 au 6.5 Creedmoor (hayo ni majina ya aina za risasi) kwa kuwinda kulungu wa mkia mweupe huku Pennsylvania, Marekani, ikizingatiwa bega langu bovu. (Kulungu huyu siye yule wa nyumbani, huyu dume huangusha pembe kila mwaka.)

Shemeji aliniazima .308 na .270 tukaenda kulenga shabaha. Ile .270 ni kweli inanyooka: risasi ya greni 130 (uzito wa kama gramu 8.4) hutoka kwa mita kama 930 kwa sekunde. Lakini baada ya kupiga kumi hivi nikajikuta nafumba macho kabla sijavuta kifyatulio, kwa kuogopa teke la bunduki begani. Kwangu mjadala uliishia hapo. Creedmoor sikupata ya kujaribu.

Mmoja wenu alitaja 7mm-08, nikadhani ananichanganya tu. Kumbe ni ganda lilelile la .308, limebanwa shingo lishike risasi nyembamba zaidi. Remington waliitoa 1980. Nikanunua iliyotumika, nikaweka risasi za greni 140. Teke lake bega linavumilia.

Jumamosi baada ya Thanksgiving (sikukuu ya Wamarekani ya mwezi wa kumi na moja), siku ya kwanza ya msimu wa bunduki, dume akatokea mita 80 hivi. Nilimpata nyuma ya bega, akakimbia hatua thelathini akalala. Kwa umbali ule hata .308 ingefanya vilevile, tusidanganyane.

Kero moja: .308 zimejaa kila duka, za kwangu nilizunguka maduka matatu ndipo nikapata boksi mbili.